Siku Jina Yangu Iliwekwa Chini ya Chemchemi ya Mashauri

Heri niwaambie mimi mwenyewe, mbele hamujaisikia kwa Mashauri, mwenzangu wa ujana, kwa sababu yeye akiisimulia anasimama katikati na kuigiza vile nilisimama, mpaka wamama wanashika mbavu. Mimi ni muzee, na haya haipaswe kunisumbua tena, lakini ile siku mu sale, nyumba ya mikutano ya parokia, hapa Kibua, nilitamani simenti ifunguke niingie. Na hakuna muntu aliyenisukuma, ilianza na neno moja ya uongo, ndogo sana, nililosema nikiwa nimekaa kwangu, tumbo imeshiba sombe.

Neema ni mutoto wa ndugu yangu mudogo (ndugu yangu alishafariki, kwa hiyo mimi njo papa mukubwa wake na nilikula mahari yake ya kwanza, ile ya muchumba aliyekimbia, lakini hiyo ni habari ingine). Anasomea Goma mambo ya pori na mashamba. Mimi nilifika mwaka ya tatu ya primere, nasoma kama muntu anavuka muto kwa mawe, silabi moja, napumzika, silabi ingine. Yeye anasoma kitabu akitembea.

Sasa pori yetu ilikuwa mu hatari. Kulikuwa watu wa mbali walioiomba serikali, wanataka kukata mbao, wakasema pori haina mwenyewe. Tukaambiwa: kama ni yenu, onyesheni mipaka yake, muiseme mbele ya mukubwa wa serikali, kila muto na kila mulima, na museme munaijua namna gani. Kama tunashindwa, karatasi inaenda kwa wale wengine. Neema njo alichukua ile kazi. Miezi mbili alizunguka na kitabu yake ya kuandikia, kwa miguu, mpaka ku Itebero, kijiji ya mbali, viatu vya plastiki vikapasuka akavishona na kamba ya mufuko wa muchele. Aliuliza wawindaji, aliuliza wamama wanaokamata kaa mu vijito, na kwa kila neno anauliza mara mbili: “Nani alikuambia? Ao uliona kwa macho yako?”

Akafika kwangu. Akaniuliza juu ya Kaluko, muto unaofanya mupaka wetu upande wa juu. Nikamweleza vizuri, nikafika ku chemchemi, pale maji inatokea chini ya mawe mbili zinazoegemeana kama watu wamelewa. Akasema: “Papa mukubwa, hii uliiona wewe mwenyewe?”

Sikilizeni. Ile chemchemi sikuifikia hata siku moja. Ile safari ya ujana wetu tulikuwa watu sita, na mbele ya kufika juu kuna mahali muti mukubwa ulianguka juu ya Kaluko, watu wanavukia pale, chini maji inalia. Wenzangu wakavuka. Mimi nikaangalia ule muti, unateleza kama samaki, nikasema nitabaki kulinda vyungu. Siku mbili nililinda vyungu. Habari ya mawe mbili nilipewa na Mashauri, moja wa wale waliovuka, wakati walirudi. Lakini mutoto ananiangalia hivi, na kalamu mukononi, na anakuja toka Goma kuniuliza mimi, si Mashauri. Nikasema: “Niliona mimi. Hata nilinawa uso.”

Kunawa uso, nani aliniomba kusema kunawa uso.

Yeye akaandika, akanipiga picha, akaenda. Muke wangu, Mama Sifa, alikuwa anachambua maharagi pale mulangoni, hakuinua kichwa, akasema tu: “Bahati, uso ulinawa na maji gani?” Nikamwambia ashugulike na maharagi.

Na neno lenyewe niliwaza limeisha. Naye Mashauri nilijua yuko Itebero, muguu inamuuma, hawezi kutembea njia yote ile kwa kuja kusikia mukutano. Kumbe alikuja kwa moto, ile pikipiki, nyuma ya dereva, amevaa koti ya mukwe wake.

Siku yenyewe sale ilijaa. Mukubwa wa serikali alikaa mbele, muntu mupole, miwani ku pua, hacheki na hakasiriki. Neema akafunga shuka nyeupe ku ukuta, akawasha mashini inayotupa picha na maandiko, wao wanaita diapo, moja inakuja, ingine inaenda. Na pale njo nataka mumuone huyu mutoto. Sisi tulizoea watu wa masomo wanakuja hapa, wanatunywesha soda, wanaandika, halafu kule wanakoenda wanasema “tuligundua”. Neema, kila picha akiiweka ku ukuta, chini yake kuna maandiko: hii imetoka mu kitabu fulani, cha fulani, mwaka fulani. Hii imetoka kwa Mama Furaha wa hapa Kibua, aliniambia ku shamba yake, mwezi fulani, na alionyesha kwa mukono. Na maandiko yale yalikuwa ya kipimo moja. Mwenye kitabu ya Ulaya na Mama Furaha asiyejua kuandika jina yake, herufi moja, urefu moja, mustari moja. Niliona Mama Furaha anafunika kinywa na kitambaa.

Akasema: “Ku masomo walinifundisha kwamba kila diapo iwe na jina ya mwenye neno. Lakini mimi niliijua mbele ya masomo. Hapa kwetu kila njia ya pori iko na jina ya muntu aliyeifungua, na ukimuingiza mugeni mu njia ya mwenzako, unataja huyo mwenzako mbele ya kuweka muguu. Usipomutaja, siku ile hupewe nyama. Mimi nafanya ile ile, ku ukuta.”

Wazee wakaguna kwa furaha. Hata mimi niliguna, bila kuwaza kwamba ananisema.

Halafu Kaluko ikafika. Picha ya muto, mustari mwekundu, na chini: “Chemchemi: Papa Bahati wa Kibua, aliiona mwenyewe.” Na uso yangu pembeni, nimenyoa. Watu wakapiga makofi. Mukubwa akauliza tu: “Huyu muzee yuko hapa?” Muntu wa akili angenyosha mukono na kubaki ku kiti. Mimi nilisimama, nikaenda mpaka mbele, nikaingia mu mwangaza ya mashini, na watu wakaanza kucheka, kumbe jina yangu imenipiga ku tumbo, “aliiona mwenyewe” iko juu ya mukanda, inapanda na kushuka vile napumua.

Mukubwa akasema: “Papa, ukiwa pale ku chemchemi, maji inatoka ikielekea upande jua inatoka, ao upande inaingia?”

Nikasema inatoka. Akaangalia karatasi zake. Nikasema, yaani inaingia. Akaniuliza hayo mawe yana urefu gani. Nikasema kama nyumba. Nikaona uso yake haisogei, nikaongeza mapango, na popo mu mapango, na nikaanza kuonyesha na mikono ukubwa wa popo.

Njo sauti ikatoka nyuma kabisa.

“Bahati, ndugu yangu, hao popo walikula vyungu?”

Ni Mashauri. Alisimama na fimbo yake, koti inamufika ku magoti. Akasema bila haraka: “Mukubwa, mawe ni mbili, zinanifika hapa ku kiuno, na maji inaelekea jua kuingia. Tulifika watu tano. Wote wamekufa, nimebaki mimi. Huyu alibaki ng’ambo ya huku. Aliogopa muti.”

“Muti gani?” mukubwa akauliza.

“Muti wa kuvukia. Alisema atatulindia vyungu.”

Sale nzima ilianguka kwa kicheko. Mimi niko pale, jina ku tumbo, mikono bado imefunguka kwa kipimo ya popo. Lakini kicheko haikuniuma sana, kilichoniuma ni mukubwa: alivua miwani, akafunga karatasi yake, akasema polepole: “Kama hii moja ni uongo, nitajuaje zingine?” Na kicheko ikakatika. Watu wakaniangalia. Pori nzima, ya kwao na ya watoto wao, ilikuwa imekaa juu ya uso niliosema nilinawa.

Neema hakunikemea. Hakusema pia “papa mukubwa alisahau,” ingawa nilimuomba na macho aseme hivyo. Akasema: “Hii diapo imeanguka, na kosa ni yangu vilevile, kwa sababu neno ya mupaka niliichukua kwa muntu moja tu, sikuuliza wa pili. Lakini mukubwa, njo maana niliandika majina. Ningesema ‘wazee walisema’, leo zote zingeanguka pamoja. Hizi zingine kila moja iko na mwenyewe, na wenyewe wako hapa. Chagua unayotaka, umuite, umuulize.”

Mukubwa akamuangalia sana. Halafu akarudisha miwani, akasema: “Mama Furaha.”

Mama Furaha akasimama, akasema vijito saba kwa mufuatano, kulia na kushoto, na mahali kaa wanapatikana. Ikawa sawa na ukuta. Akaita muwindaji moja, sawa. Akaita wa tatu, huyo akasema: “Ile ya kilima niliona, ile ya nyuma yake aliniambia shemeji yangu,” na ku ukuta iliandikwa hivyo hivyo, na jina ya shemeji. Mukubwa akafungua tena karatasi yake.

Neema akanigeukia. “Papa mukubwa, wewe ulifika wapi?”

“Ku muti wa kuvukia.”

“Na ya mbele, nani alikuambia?”

Niliangalia chini. Mashauri na mimi tunabishana tangu tukiwa vijana, juu ya mubwa, juu ya binti (ambaye leo ni Mama Sifa), juu ya kila kitu. “Mashauri,” nikasema.

Akaandika pale pale, watu wote wanaona herufi zinatokea moja moja ku shuka: Papa Mashauri wa Itebero, alifika. Papa Bahati wa Kibua, alifika ku muti wa kuvukia, ya mbele alisikia kwa Papa Mashauri.

“Uandike pia vyungu,” Mashauri akasema.

Neema akaniuliza: “Ni kweli?”

“Ni kweli,” nikasema. “Na hakuna hata kimoja kilipotea.” Akaandika.

Mukubwa alisema ataweka mukono wake ku karatasi siku ile chemchemi itaonekana kwa macho. Juma iliyofuata Neema alienda na watu wake, Mashauri akabebwa ku kiti cha miti, anaelekeza na fimbo kama chefu, na mawe yalikuwa mbili, ya kiuno, maji inaelekea jua kuingia. Karatasi iliwekwa mukono. Pori iko yetu, na mu ile dosie, faili ya karatasi zote, iliyoenda kwa wakubwa, mimi niko mule, mulinzi wa vyungu, herufi ya kipimo moja na wenye vitabu.

Tangu pale sijasema tena “niliona” kwa kitu nilichosikia, na sitasema. Si kazi nyepesi. Mwezi iliyopita Neema alirudi na kitabu yake, akakaa hapa, akaniuliza juu ya mito ya upande wa chini, na nilikuwa na habari nzuri sana, tayari ku ulimi, na Mama Sifa alikuwa ananiangalia. Nikaimeza. Nikasema: “Ile siijui, mwanangu. Uende umuulize Mashauri.”