Koki ya Makumi

Siku zile kompyuta zilikuwa za maji. Umeme ulikuwa wa kuwashia taa tu. Hesabu zilipita kwenye mabomba, zikajaza vikombe vya shaba, na vikombe vikiinama, jibu likatokea ubaoni. Mashine ya mji wetu ilikuwa na ghorofa tatu. Fundi wake alikuwa shangazi yangu, ambaye watu walimwita Mama Koki. Miaka kumi na tisa alizunguka na spana kiunoni, akisema mashine ni kama mume: ikinyamaza sana, ichunguze.

Jumanne moja asubuhi aliipa jaribio: thelathini jumlisha arobaini. Ubao ukaonyesha sitini. Akarudia. Sitini.

Jaribio hilo lilikuwa la kila siku, naye alikuwa ameliruka siku nne kwa uvivu tu. Na siku hizo nne mashine ilikuwa ikikokotoa dozi za wagonjwa wa hospitali ya ng'ambo ya barabara, akiwemo wifi yake.

Akafungua koki ya makumi, ile inayopitisha maji ya kila kumi. Mpira wake wa kuzibia ulikuwa umelika, una tundu kama la sindano, na kumi moja lilikuwa likivujia humo.

"Kuubadilisha ni dakika mbili," alinisimulia baadaye. "Moyo ukaniambia, funga, nyamaza, nani atajua? Mwanangu, nilikaribia kuumeza ule mpira."

Badala yake alifunga bomba kuu. Jengo zima likanyamaza. Mkuu wa kituo akatoka ofisini mbio.

"Umezima kwa ruhusa ya nani?"

"Yangu, mkuu. Dozi za siku nne zina makosa. Kosa ni langu."

Mkuu hakugombana naye. Walivuka barabara wakikimbia, shangazi jasho likimtoka.

Muuguzi mkuu alipekua faili moja moja, polepole mno. Wagonjwa kumi na mmoja walikuwa wamepewa dawa pungufu. Mmoja alikuwa na homa kali, akatundikiwa dripu papo hapo. Hakuna aliyekufa.

"Kumbe ugonjwa wangu ni wewe!" wifi yake alimwambia kutoka kitandani. Shangazi hakuweza kucheka. Alikaa sakafuni akalia.

Kama adhabu, walimpeleka kusugua matangi ya maji miezi sita. Aliporudishwa kwenye mashine, wenzake walimtania kwa sababu alirudia jaribio mara tatu kila asubuhi. Aliendelea kulirudia hivyo hivyo, mpaka alipostaafu.