Mshauri Aliyeletewa Majani ya Viazi

Jumanne, saa tatu asubuhi. Najwa Jalal anageuza jani la kiazi mkononi. Lina mabaka meusi. Hajui ni ugonjwa gani, na si alichosomea.

Najwa, mwenye miaka 41, ni muuguzi mjini Nakuru na mkazi wa mtaa wa Section 58. Anasomea shahada ya uzamili ya ushauri nasaha na afya ya tabia. Siku yake ya mapumziko hupanda hadi zahanati moja ya Kuresoi kusikiliza watu. Chuo kinamtaka afikishe saa 120 za mazoezi kabla ya Novemba kwisha. La sivyo, atasubiri mwaka mzima kuhitimu.

Mwanzoni alibandika karatasi mlangoni: "Mshauri yupo. Ni bure." Huko, mshauri ni mtu wa kilimo. Watu walileta majani. Mmoja alileta udongo kwenye ndoo.

"Niliwarudisha wote," anasema. "Nikashuka Nakuru bila hata saa moja."

Kisha akaja Kibii, mkulima wa miaka 67, na jani lenye mabaka.

"Madam, baridi imechoma shamba. Nipatie dawa."

"Mzee, mimi viazi navijua vikiwa chipsi."

"Kumbe tumeletewa mshauri wa chipsi!"

Alicheka, lakini hakuondoka. Najwa akamuuliza mabaka yalianza lini. Kibii akajibu kwamba hajui. Jani alilichuma ukingoni tu; hakuwa ameingia shambani tangu alipomzika mkewe. Waliongea dakika hamsini.

Mzee mwenyewe ameruhusu jina lake lichapishwe. "Nyumbani wananiambia nijikaze," anasema. "Huyu aliniuliza mama watoto alikuwa anapenda kupanda mbegu gani."

Tangu siku hiyo Najwa hamrudishi mtu. Amefikisha saa 97. Lakini msimamizi wake, Dakta Gathogo, anauliza: mazungumzo yaliyoanza na jani yahesabiwe ushauri kuanzia dakika ipi? Kati ya hizo 97, saa 31 zinangoja uamuzi wa kamati ya chuo wiki ijayo. Zikikatwa, Novemba haitamtosha.

Lewis, anayesoma naye, alimpa njia ya mkato: "Toa viazi kwa ripoti. Nani atajua?"

Najwa alikataa. "Viazi ndivyo vilivyowafungua midomo. Nikivitoa nitakuwa nimeandika uongo."

Ripoti ameipeleka ilivyo.

"Wakizikata, nitazirudia mwaka ujao," anasema. "Lakini Jumanne ijayo nitakuwa hapa. Kibii anamleta kaka yake. Huyo ameacha hata kusalimia watu."