Salamu Zilitangulia

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Mwanza, nilikabidhiwa kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha mezani, pamoja na modemu, kile kisanduku kinachogeuza maandishi kuwa mlio unaopita kwenye waya wa simu. Nyie vijana mmezoea ujumbe kufika kabla hamjainua kidole. Wakati wetu ujumbe ulipanga foleni. Mara moja kwa siku kompyuta yetu ilipiga simu Nairobi, nako wakapokea ujumbe wa mbele kwenye foleni, kisha wa pili, wakausogeza Ulaya kwa wataalamu waliojitolea kutusaidia. Laini ikikatika, uliobaki nyuma ulingoja kesho.

Siku ya kuzindua mawasiliano hayo na Ulaya, Daktari wa Zamu aliniletea swali. Wodini kulikuwa na mama kutoka Sengerema, amevuta sumu ya kunyunyizia pamba, aina ngeni ambayo hakuna aliyeijua pale. Alitaka kuuliza inatibiwaje. Nikaliweka mbele.

Mganga Mkuu, mtu mpole wa adabu za nyumbani, akaniamuru nilirudishe nyuma.

"Hawa watu hawatujui. Tutaanzaje kuomba hata hatujawasalimia?"

Nikamwambia laini ni mbovu. Akasema ndiyo maana salamu zisichelewe. Akaandika zake, Katibu wa Hospitali zake, Muuguzi Mkuu zake, kila mmoja akiulizia afya, watoto na mvua za huko. Salamu zote zilipita. Zamu ya swali ilipofika, laini ikakatika.

Mama yule alifariki kesho yake asubuhi. Majibu yaliingia mchana.

Nilihamishwa Bukoba, nikarudi Mwanza, nikaunganisha mitandao chini ya wakuu wengi, wengine wajuzi kweli. Hasira ya siku ile haijaniisha. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Nilipostaafu, mume wa mama yule, Mzee Masalu, alivuka ziwa kwa kivuko kutoka Sengerema, akanitafuta nyumbani kwangu Igoma, huku Mwanza. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa. Alisema siku zile aliambiwa tu kwamba Ulaya wameulizwa.

"Walijibu?"

"Walijibu, mzee."

"Walisemaje?"

Nikamwambia ukweli. Walisema wao wazima, watoto wazima, mvua zinanyesha. Wakauliza kama tuna mgonjwa yeyote wanayeweza kutusaidia.

Mzee Masalu aliinuka, akanipa mkono.

"Kumbe walikuwa watu wema," akasema.