Jina la Mbwa wa Bibi

Daktari wa mifugo pale Vwawa aliniuliza jina la mbwa wa mama yangu, nikashikwa na aibu kabla hata sijajua naona aibu ya nini. Nilikuwa nimetoka Lusaka kuja kumchukua mama akae kwangu mpaka miguu yake ipate nafuu, naye alishasema wazi kwamba bila mbwa wake haendi popote. Basi nikawa mpanga safari: gari, chanjo, cheti cha kumvushia mbwa mpaka wa Zambia pale Nakonde, mahali pa kulala njiani, Mpika. Yote nilikuwa nayo kichwani isipokuwa jina. Mbwa amekulia nyumbani kwetu, kijiji cha Mpemba karibu na Tunduma, na mimi mtoto wa nyumba ile sijui anaitwaje. Daktari akanitazama kidogo, akasema basi kesho nikimleta kuchanjwa nije na jina lake.

Ndugu yangu, kama hukukulia pande zetu utasema nakuza jambo dogo. Mbwa ni mbwa, mwite utakavyo. Lakini Mpemba ya utoto wangu mbwa hakupewa jina hivihivi. Mtu mwenye kinyongo hakwenda kugombana na jirani yake mlangoni, maana huo ulikuwa ushenzi. Alitafuta mtoto wa mbwa, akampa jina lenye neno lake, kisha akawa anamwita asubuhi na jioni kwa sauti ya kutosha. Walikuwapo majirani wawili waliogombea mpaka wa shamba. Mmoja mbwa wake aliitwa Mnanionea. Baada ya mavuno yule wa pili naye akaleta mbwa, akamwita Umeyataka. Wakaishi hivyo miaka, wakisalimiana vizuri kabisa kanisani, mbwa wakisema yaliyobaki. Paka hakupewa jina. Paka aliitwa paka, kwa kuwa haji akiitwa.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa bingwa wa mambo hayo. Alikuwa Mnyiha wa Igamba, mtoto wa kahawa na mahindi, aliyeletwa Mpemba na ndoa, na mpaka leo nikisikia harufu ya kahawa inayokaangwa kwenye chungu namwona amechuchumaa jikoni, moshi umemjaa machoni, akikoroga kwa mwiko wa zamani uliopinda. Sisi wajukuu tulipukuchua mahindi pembeni yake mpaka vidole vinawaka. Barabarani malori ya kwenda Zambia yalinguruma kutwa, na bibi alikuwa akisema, "Mimi sina redio. Nina mbwa."

Mbwa wake aliitwa Kanisahau.

Aliyemsahau ni shangazi yangu, binti yake wa pekee, aliyeolewa na fundi wa migodini akaenda naye Kitwe, mbali kule Zambia. Mwanzoni salamu zilikuja kupitia madereva, pamoja na vitenge na mafuta ya kupikia. Kisha zikapungua. Babu alipofariki, baba alimkimbilia dereva mmoja pale Tunduma akampa ujumbe ampelekee shangazi. Tulimngoja. Watu walizika, wakaanua tanga, wakarudi mashambani, na shangazi hakuonekana wala hakuleta neno. Msimu uleule mbwa wa jirani alizaa. Bibi akarudi nyumbani na mtoto wa mbwa ndani ya kitenge, mwekundu, sikio moja limelala. Alimpa jina la Kiswahili makusudi. La Kinyiha lingeishia kwa Wanyiha. Hili lilimfikia Mnamwanga, likamfikia Mndali, likawafikia na madereva waliosimama kununua mahindi ya kuchoma. Nadhani alitumaini mmoja wao atalifikisha Kitwe.

Mama yangu hakulipenda jina lile hata siku moja. Alimwambia bibi kwa heshima zote kwamba mbwa huyu atatutia fedheha. Bibi akajibu kwamba fedheha iko Kitwe.

Basi, miaka ikapita, mbwa akaanza kuota mvi mdomoni, na siku moja dereva akaleta habari ambayo hakuna aliyeitegemea. Shangazi alikuwa anakuja. Yeye na mumewe wangeendesha pikapu yao mpaka Nakonde kumchukua bibi, akale uzee wake Kitwe. Bibi akasema ataenda, ila atakwenda na mbwa wake na paka wake. Baba akakubali kwa furaha. Mama ndiye aliyeweka sufuria chini akauliza: huyo mbwa mtamwitaje mbele ya shangazi yenu?

Hapo ndipo aibu ilipoingia nyumbani kwetu ikakaa kama mgeni asiye na siku ya kuondoka. Kumbe wote tulikuwa tumelizoea jina lile mpaka tukasahau lina neno ndani yake. Bibi mwenyewe, aliyekuwa akilipaza miaka yote, aliinamisha kichwa. Kumsema mtu aliye mbali ni rahisi. Huyu sasa anakuja kupiga magoti, tena na gari.

Maandalizi ya safari yakawa makubwa. Baba alimpeleka mbwa kwa bwana mifugo akachanjwa chanjo ya kichaa na kupewa cheti. Fundi alisuka tenga jipya la kumbebea paka. Mama alichambua maharage na kukaanga kahawa ya zawadi. Nasi watoto tukapewa kazi iliyotushinda kuliko zote, kumfundisha mbwa jina jipya. Baba alichagua Simba, jina lisilo na ugomvi na mtu. Kila jioni tulisimama uani na ukoko wa ugali na vichwa vya dagaa, tukiita Simba, Simba. Alikuwa akija akisikia harufu. Tukiita mikono mitupu, anatutazama kama tunamwita mtu aliye nyuma yake. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema, na huyu alishakauka. Isitoshe, asubuhi bibi akiamka, kabla hajakumbuka lolote, alifungua mlango na kuita, "Kanisahau, njoo baba." Kazi yote ya jana ikaishia pale. Mama alijifunika uso kwa kanga.

Siku ya safari tulikwenda Tunduma sote, ndani ya gari la kuazima. Unajua mpaka ule ulivyo; si mto wala mlima. Ni watu, baiskeli zilizopakiwa sukari mpaka hazionekani, wabadilisha pesa na mabunda yao, na malori yaliyopangana kichwa kwa mkia. Bibi alivaa kitenge kipya. Paka alilala ndani ya tenga bila wasiwasi. Ofisa wa upande wetu alisoma cheti, akamwangalia mbwa, akamwita Simba. Mbwa akatazama pembeni. "Simba wenu kiziwi," akasema, akagonga muhuri. Baba akacheka kuliko ilivyostahili.

Tulikuwa katikati, tumeshatoka kwetu na hatujaingia kwao, na tulishamwona shangazi. Alisimama kando ya pikapu, amenenepa, anapunga mkono huku analia. Ndipo lori moja likatoa ule mlio wa upepo wa breki. Mbwa akaruka, shingo ikachomoka kwenye kamba, akatokomea chini ya malori.

Baba akaita Simba. Nasi tukaita Simba. Wabadilisha pesa wakatusaidia, wapagazi wakatusaidia, watu wote wa mpakani wakawa wanaita Simba. Tulimwona mara moja, kati ya magurudumu, sikio lake moja limelala, anatafuta njia na haijui. Lori la mbele likawashwa. Bibi alikuwa amesimama, mikono kifuani, anamtazama shangazi, anatazama malori, anamtazama shangazi tena. Midomo yake ilitikisika. Mimi nilikuwa nimeshika kitenge chake, na nilijua anachokitaka, na nikaomba Mungu asiseme.

Mama yangu akamsogelea. "Mama," akamwambia polepole, "mwite tu."

Bibi akaita. Akaita kwa sauti ile ya kuitana ng'ambo ya mashamba: "Kanisahau! Kanisahau!" Watu wakageuka. Mmoja akauliza kwa utani ni nani huyo aliyekusahau, bibi, na wenzake wakacheka. Bibi hakuacha, akaita tena na tena, machozi yanamtoka, mpaka yule mbwa akachomoza kutoka chini ya lori la mafuta, tumbo limejaa vumbi, akaja moja kwa moja kulala miguuni pake.

Nilipoinua macho, shangazi alikuwa ameshusha mkono. Mumewe alikuwa akitazama tairi la gari lake. Baba alijishughulisha na kamba. Sijawahi kuona familia nzima ikikosa mahali pa kuweka macho namna ile. Niliona aibu kwa ajili ya bibi, nikaona aibu kwa ajili ya shangazi, nikaona aibu hata kwa ajili ya mbwa, ambaye alikuwa akitikisa mkia.

Tulipofika upande wa pili shangazi alipiga magoti kwenye changarawe kumsalimu mama yake. Kisha akamshika mbwa mdomoni, pale penye mvi.

"Huyu ana umri gani, mayo?" Alikuwa ameshazoea kumwita mama mayo, kama Wabemba.

"Alizaliwa msimu tuliomzika baba yako," bibi akajibu.

Shangazi hakuinuka. Alisema habari zilimfikia nyasi zimeshaota kaburini. Akaona aibu kuja. Mwaka uliofuata akaona aibu zaidi, kwa kuwa hakuja mwaka ule wa kwanza. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwekea mkono kichwani, akasema jua linapanda, njia ni ndefu. Hakusema amemsamehe, wala hakusema hajamsamehe. Mbwa alipandishwa mbele, miguuni pa bibi, na tenga la paka likafungwa nyuma pamoja na maharage.

Bibi hakurudi tena. Mama alikwenda Kitwe kumzika, akakaa huko miezi, akarudi na habari kwamba mbwa yule aliishi kidogo baada ya bibi, na kwamba shangazi hakukubali abadilishwe jina. Jioni shangazi alikuwa anasimama mlangoni mwenyewe, kule kwa watu, anaita Kanisahau aje kula, na majirani wasioelewa Kiswahili wakadhani ni jina zuri tu la Kitanzania. Mama alipomaliza kusimulia aliapa mbele yetu kwamba yeye maishani hatampa mbwa jina lenye neno. Aliyoyaona pale mpakani yanatosha, alisema.

Siku hizi Mpemba hakuna tena majina yale. Mbwa wote ni Simba na Jeki, na mwenye kinyongo anakituma kwa simu. Chungu cha kahawa cha bibi kilipasuka, shamba la wale majirani wawili limekuwa maegesho ya malori. Na mimi ninayekusimulia haya yote kwa madaha nilikuwa na miaka sijalala nyumbani kabla ya safari hii. Mwanzo ilikuwa kazi. Kisha ikawa aibu ya kuja mikono mitupu, kisha aibu ya kuja baada ya kutokuja. Lusaka na Mpemba ni barabara moja, ndugu yangu, nami nina gari.

Jioni ile nilipotoka Vwawa nilimuuliza mama jina la mbwa wake. Alikuwa jikoni anasonga ugali, akanijibu bila kugeuka.

"Hana jina, mwanangu. Mwandikishe Simba."

Nikatoka nikakaa kizingitini pale jikoni. Mbwa alikuwa amelala kando ya banda la kuku, mwekundu, si mkubwa sana. Nikamwita Simba. Hakuinua hata kope. Nikakumbuka ukoko na vichwa vya dagaa, nikacheka peke yangu. Kisha, sijui kwa nini, labda kwa ajili ya bibi tu, nikalitamka lile jina la zamani, kwa sauti ya chini ambayo hata kuku hawakushtuka.

"Kanisahau."

Mbwa akasimamisha masikio. Akainuka, akajinyoosha, akaja akaweka kidevu chake gotini kwangu kama anayeitwa hivyo kila siku.

Ndani, mwiko wa mama ulikuwa umenyamaza.