Sinema ya Watu Wazima Pale Ngarenaro

Kibanda cha video cha Ngarenaro kilinuka petroli ya jenereta, karanga za kukaanga na jasho la watu waliobanana gizani mchana kweupe. Kilikuwa cha mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiharibu picha. Mlangoni palikuwa na kibao cha rangi nyekundu: sinema za kutisha, walio chini ya miaka kumi na minane marufuku. Aliyesimamia kibao hicho alikuwa Elifuraha. Namtaja jina kwa sababu mpaka leo watu wanasema alikuwa kijana mcheshi. Alikuwa mcheshi kweli. Sisi watoto hatukuwa na cheti cha kuzaliwa, basi Elifuraha alitupima kama walimu walivyotupima siku ya kuandikishwa darasa la kwanza: pitisha mkono juu ya kichwa, shika sikio la upande wa pili. Kipimo cha mtoto wa miaka saba, yeye alikifanya cha miaka kumi na minane. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na mikono mirefu. "Limeshikika," akasema. "Huyu mama mtu mzima, hata mahari yake waje kupanga. Pita." Watu wakacheka, nikapita nimeinua kichwa.

Sinema ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo Elifuraha aliacha mlango akasimama kando ya televisheni kutueleza. Aliishia darasa la tano. Kiingereza alikijua kama ninavyokijua mimi, yaani hakukijua. Kwenye picha palikuwa na mwanamke jikoni, ameupa mlango mgongo, anakoroga sufuria polepole. Watoto wawili wamekaa mezani wanangoja. "Huyo mama alishakufa tangu juzi," Elifuraha akatangaza. "Hapo anayepika ni maiti. Watoto hawajui. Wakila tu, wanaondoka naye." Nyuma yangu mtu akasema, "Afadhali waondoke wameshiba, bwana." Wakacheka tena. Mwanamke akaanza kugeuka. Nilitoka mbio kabla sijauona uso wake. Elifuraha akanifuata hadi nje, akanishika bega. "Ukisema nyumbani, na mimi nitasema ulinidanganya miaka yako. Tutaona nani atachapwa."

Nyumbani mama alikuwa jikoni. Alikuwa mzaliwa wa kijiji cha Maji ya Chai, na siku hiyo alipika loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, chakula nilichokipenda kuliko vyote. Alikuwa amenipa mgongo, moshi umemzunguka, anakoroga. Akageuka akitabasamu, akaninyooshea bakuli. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. "Nai, mwanangu, una nini?" aliuliza, na kila alipopiga hatua kunikaribia mimi nilizidi kurudi nyuma. Tangu siku ile sikula kitu kilichotoka mkononi mwake. Nilikula kwa shangazi Nanyori, dada yake baba, nyumba ya pili kutoka kwetu. Nilikula vizuri tu, na hilo ndilo lililommaliza mama. "Mtoto anamkimbia aliyemzaa, kwangu anaramba vidole," shangazi alisema kwa kila aliyepita. "Mtoto hawezi kudanganya kwa tumbo lake. Kuna kitu ameona." Kisha alimalizia, lisemwalo lipo. Neno lenyewe, uchawi, hakulitamka hata mara moja. Alijua kulizunguka. Wanawake wa bombani walilitamka kwa niaba yake. Wakaacha kumwazima mama chumvi, na alipokwenda kuteka maji waliwavuta watoto wao karibu na kuwafunika kwa khanga.

Jumapili moja, baada ya ibada, baba aliniita mbele ya shangazi. "Nai, sema usiogope. Mama yako amekufanya nini?" Mama alikuwa amesimama hapo hapo, macho yake kwangu, anangoja. Neno moja lingetosha kumwokoa. Nilifikiria fimbo, nikamfikiria Elifuraha, nikanyamaza. Baba hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mvivu wa kuuliza mara ya pili, na kwa sababu hiyo naye namtaja. Aliuchukua ukimya wangu akaufanya ushahidi. Mama alirudi kwao na furushi moja. Hakulia. Na mimi sikulia, nakumbuka nilikuwa nakula muwa. Mwaka uliofuata shangazi alinitoa shule, darasa la nne, maana alihitaji mtu wa kumkatia ng'ombe majani. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi sijawahi kujaribu kuyazoa.

Baba na shangazi walishakufa, shangazi alizikwa kwa sifa nyingi. Elifuraha ana duka la vifaa vya ujenzi Lemara, na ni mzee wa kanisa. Tukikutana ananisalimu kwa furaha, ananiita dada. Mwaka jana ndipo nilipokwenda Maji ya Chai nikamweleza mama yote, tangu mlangoni mwa kibanda. Alinisikiliza akimenya ndizi, hakuinua uso. Nilipomaliza akauliza, "Na wale watoto wa kwenye video, walikula?" Nikamwambia, sijui, mama, nilitoka kabla haijaisha. Akaendelea kumenya.

Siku hizi binti yangu wa mwisho, ana miaka kumi na moja, anatazama sinema za kutisha kwenye simu. Simu inamuuliza kama ametimiza miaka kumi na minane, anabonyeza ndiyo, huku anatafuna. Nikimkataza ananiambia, "Mama, hiyo si damu, ni rangi tu." Nilikuwa naamini sisi tuliharibiwa kwa sababu hatukuwa na wa kutulinda. Sasa namtazama yeye, naye hana, na usiku analala fofofo. Labda tofauti ni kwamba hakuna mtu anayesimama kando ya picha kumweleza uongo. Nilimsimulia kidogo ile yangu, jikoni, sufuria, watoto wawili. Akasema inaweza kupatikana, ni kuandika maneno mawili matatu tu. Nimemkataza asiitafute. Sitaki kukuta kwamba mama yule alikuwa mzima.