Tuliomba visa itoke

Maombi yetu yamejibiwa, na sasa Mama Gloria hataki kutuona.

Binti yake anaolewa Dar es Salaam Jumamosi. Visa ilikuwa inamgomea, kwa hiyo kanisa zima tulifunga naye siku tatu ili itoke. Nimeziandika zote tatu kwenye daftari langu.

Ikatoka kweli. Serikali ya Tanzania imeiondoa kabisa, kwa Wakongo wote.

Vigelegele vile! Hata majirani Wakatoliki walikuja kuuliza.

Leo asubuhi nikamsindikiza kununua tiketi ya ile ndege ya bei rahisi ya kutoka hapa Lubumbashi kwenda Dar. Ile nyingine bei yake ni ya mabosi wa migodi.

Muuzaji akaangalia kompyuta.

"Complet, Mama. Imejaa mpaka Jumatatu."

"Banani banaenda?" Mama Gloria akataka majina.

Akamwonyesha orodha. Kwaya. Mashemasi. Mchungaji na mkewe, wanafuata vitambaa.

"Minye niliomba visa itoke," akasema Mama Gloria. "Sikuomba bantu bote batoke. Kesho tuombe irudi."

Nikacheka. Yeye hakucheka, maana alikuwa amefika mstari wa mwisho. Jina langu.

"Weye pia?"

Nikataka kumpa kiti changu. Muuzaji akatikisa kichwa: tiketi ya bei hiyo haibadilishwi jina.

Mama Gloria akafunga pochi yake.

"Basi utakaa pale mbele, kwenye kiti yangu. Na ulie muzuri. Usinipatishe haya."

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo tangu saa sita. Marafiki, mama wa bibi arusi analia kabla ya chakula au baada?