Baba Mkubwa na Uzio wa Tembo

Baba mkubwa alipewa jina la Waya kazini, likamganda mpaka nyumbani. Maisha yake yote ya kazi alihudumia uzio wa umeme wa hifadhi ya mtu binafsi, iliyoanzia nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Asubuhi alitoka na koleo na panga, akafyeka majani yaliyogusa nyaya, akaunga zilizokatika. Tembo wakiangusha nguzo, aliitwa hata kama yuko mezani.

"Mimi nina mke mwenza," mama mkubwa aliwaambia wageni, uso mkavu. "Mrefu, mwembamba, na ukimgusa anakurusha."

Tulicheka kila mara, ingawa utani wenyewe tulishauzoea.

Kisha mwenye hifadhi akapatana na jirani yake waunganishe mapori yao, tembo wapate pa kutembea. Uzio wa katikati ilibidi uondoke. Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa palepale kutembeza watalii, nikamsikia meneja akisema kwa upole, "Mzee, huu umeutunza wewe. Kazi ya kuukata tumpe mtu mwingine."

"Nani huyo? Atajikata vidole. Niachieni mwenyewe."

Akaukata, akazikunja nyaya vizuri kama anazihifadhi. Siku alipomaliza alirudi nyumbani akasema amechoka, chakula hakukigusa.

Tulidhani tembo wangevuka mara moja. Wapi! Walifika pale, wakasimama, wakageuka. Hakukuwa na hata kipande cha waya, lakini shoti za miaka hiyo yote walikuwa hawajazisahau. Wiki zikapita. Baba mkubwa akawa anaenda kuwatazama kila asubuhi, bila kutumwa na mtu. Naye nilimwona: akifika kwenye mstari ule aliinua mguu juu, kama anaruka waya wa chini.

"Baba mkubwa, hapo hamna kitu!"

"Najua," akasema. "Mguu ndio haujui."

Asubuhi moja tulikuwa naye garini kundi lilipotokea. Mbele alikuwa jike mzee mwenye sikio lililochanika. Akanyoosha mkonga, akapapasa hewa, akashusha mguu mmoja upande wa pili. Akatulia. Halafu akapita, na wengine nyuma yake, ndama wakikimbia wasiachwe.

"Mama huyo ndiye aliyekuwa ananiangushia nguzo," baba mkubwa akanong'ona. "Leo kapita kwa adabu zake." Akacheka, na machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

Alistaafu muda si mrefu baadaye. Nikitoka kazini nilimkuta kibarazani ananisubiri, na kabla sijavua viatu aliuliza nani kavuka, wameelekea wapi, ndama wamenenepa? Nilimweleza yote, polepole, maana hakupenda nirukeruke. Ameshatutoka sasa. Bado nikirudi jioni nakuwa na habari nyingi za tembo, na nyumbani hakuna anayeniuliza.